Mkanda wa Baba Haumwenei Mtoto

Msafiri atokaye Lilongwe kuelekea kaskazini hupita Kanengo, penye viwanda na maghala ya tumbaku, akapita Lumbadzi karibu na Uwanja wa Ndege wa Kamuzu, kisha huiacha barabara kuu na kushika njia iendayo Dowa. Huko, kiasi cha kilomita 45 kutoka mjini, ndiko iliko Dzaleka. Katika utawala wa Dakta Kamuzu Banda palikuwa gereza, na wenyeji hulifasiri jina la mahali hapo kuwa ni kiapo cha mfungwa: nitaacha, sirudii tena. Tangu 1994 pamekuwa makazi ya watu waliokimbia vita vya Kongo, Rwanda na Burundi. Palikusudiwa kuchukua watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, na Kiswahili kinasikika sokoni pake kama kinavyosikika Kigoma au Uvira.

Wapo askari wetu wanaojua vema walikotoka watu hao kuliko wanavyojua waliko sasa. Mwaka 2013, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipounda brigedi ya kupambana na vikundi vyenye silaha mashariki ya Kongo, waliopelekwa walikuwa askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Nchi hizo hizo tatu ndizo zilizotoa majeshi ya SADC yaliyoingia huko Desemba 2023, mpaka viongozi wa jumuiya hiyo walipoamua Machi 2025 kwamba kazi hiyo ikome. Kwa hiyo mtoto wa Dzaleka si mgeni kwetu. Kwao tulikwenda kumlinda kwa bunduki. Si vibaya tukiuliza anasafirije huko alikofikia.

Swali letu la leo ni hilo tu: mtoto wa umri wa shule, baina ya miaka mitano na kumi na miwili, anakaaje ndani ya gari? Huenda likaonekana swali dogo mbele ya mambo makubwa ya wakimbizi, chakula na vibali na usalama wa mpakani. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni katika mwaka 2021, na kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua kuliko ajali za barabarani. Malaria haikufikia hapo, wala vita. Miaka mitano ndio umri ambao mtoto huanza kuvaa sare ya shule. Kuhusu nchi zetu, ripoti ya 2018 ya shirika hilo ilikadiria kwa Malawi vifo 31 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na kwa Tanzania vifo 29. Uingereza walikuwa 3.

Watoto walio wengi wa Dzaleka huenda shule kwa miguu, na hilo lina hatari zake ambazo si za leo. Hata hivyo mtoto hupanda gari mara nyingi kuliko tunavyodhani: anapopelekwa hospitali ya wilaya huko Dowa au Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe, anapomfuata mama katika biashara, anaporudi likizo kutoka shule ya bweni. Gari lenyewe ni mojawapo ya mawili. Ama ni pikapu au lori la mizigo lipakialo watu kwa nauli, ambalo Wamalawi huliita matola. Humo abiria hukaa juu ya magunia na habari ya mkanda haipo kabisa. Ama ni basi dogo, aghalabu Hiace iliyokuja ya mtumba kutoka Japani. Mengi ya mabasi hayo yaliundwa yabebe mizigo, na viti vikaja kufungwa baadaye na mafundi kwa kuchomelea vyuma. Kama kiwandani halikuwekwa tundu la mkanda, mkanda utafungwa wapi?

Juu ya hayo kuna hesabu ya nauli, na hapo ndipo tunapoona kiini cha jambo. Katika nchi zetu mtoto anayepakatwa halipiwi. Mama mwenye watoto watatu, anayeishi kwa mgao usiotosha mwezi, atalipa kiti kimoja, akitutumka viwili, na waliobaki watakaa mapajani. Basi mtoto wa miaka saba au minane, ambaye amekwisha kujua kusoma na kuandika, husafiri amepakatwa kama mchanga. Asiyelipiwa nauli hana kiti, na asiye na kiti hana mkanda. Tusimlaumu mama huyo, wala tusidhani kwamba mahubiri yatambadilisha. Anachokijua ni kwamba mikono yake inamshika mtoto, na tangu dunia iwe dunia mikono ya mama imetosha.

Mikono haitoshi, na hesabu yake ni nyepesi. Mtoto wa darasa la pili ana uzito wa kilo 25 hivi. Gari lililokuwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama katika sehemu ya kumi ya sekunde, nguvu itakayohitajika kumzuia mtoto huyo asiruke mbele ni sawa na ile ya kuinua kilo 350. Hayo ni magunia saba ya mahindi, ya kilo hamsini hamsini, yakitupwa mapajani mwa mama kwa mara moja. Hatumjui komando awezaye kuyadaka. Au tuseme kwa njia nyingine: kugonga kwa mwendo huo bila ya kufungwa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10. Kwa mwendo wa kilomita 80, ambao dereva wa basi dogo akitoka Lumbadzi hauoni kuwa ni mwendo, ni sawa na kuanguka kutoka mita 25, yaani ghorofa ya nane. Na mama asiyefungwa, uzito wake ukimwangukia yule aliyempakata, huwa yeye ndiye anayemponda.

Askari wana sababu ya pekee ya kuuelewa mkanda, kwa maana chimbuko lake limo jeshini. Tarehe 10 Desemba 1954, katika jangwa la New Mexico, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, Luteni Kanali John Paul Stapp, alifungwa kwa mikanda juu ya behewa lililosukumwa kwa roketi. Likafikia mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, kisha likasimamishwa kwa muda wa sekunde moja na nukta nne. Macho yake yalivia damu akawa haoni kwa saa kadhaa, lakini alipona. Stapp alikuwa amegundua jambo lililowakera wakubwa wake, kwamba jeshi lile lilikuwa likipoteza watu kwa ajali za motokaa sawa na lilivyowapoteza kwa ajali za ndege. Rubani alifungwa akiwa angani, akashuka, akaingia katika gari lake pasipo kufungwa, akafa njiani kwenda nyumbani. Daktari huyo alipigania mikanda ya magari mpaka Marekani ikatunga sheria yake ya usalama wa magari mwaka 1966.

Mkanda tuutumiao leo, ule wa kupita begani na kiunoni, ulibuniwa Sweden mwaka 1959 na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo. Naye pia alitoka kwenye ndege: kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kubuni viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege zao. Ni chombo cha busara sana, na wenye kampuni waliwaachia wenzao wote wakitumie bila ya malipo. Lakini kilipimwa kwa mwili wa mtu mzima. Sehemu ya chini ya mkanda yapasa kulala juu ya mifupa ya nyonga, ambayo ni imara. Sehemu ya juu ipite katikati ya bega na kifua, penye mbavu. Mtoto wa miaka saba akiketi kitini, miguu yake haifiki sakafuni, basi huteleza mbele ili magoti yapate kukunjika. Mkanda wa nyonga hupanda tumboni, penye ini na matumbo. Mkanda wa bega hukata shingo. Kwa kuwa unamkera, mtoto huupitisha chini ya kwapa au nyuma ya mgongo. Gari likigonga, kile kilichokusudiwa kumwokoa huweza kumpasua tumbo au kumvunja uti wa mgongo.

Dawa yake ni kitu cha kawaida mno, hata mtu huona haya kukiita chombo: kikalio kigumu kinachowekwa juu ya kiti cha gari ili kumwinua mtoto, mkanda wa mtu mzima upate kupita mahali pake. Waswidi walianza kuvitumia katika miaka ya 1970. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2003, juu ya watoto wa miaka minne hadi saba, ulionyesha kwamba waliokalia vikalio hivyo walikuwa na hatari ya kuumia iliyo pungufu kwa asilimia 59 kuliko waliofungwa mkanda peke yake. Mto wa kitanda au kitenge kilichokunjwa hakiwezi kushika nafasi yake, maana huteleza na kubonyea. Wala kikalio hakifai penye mkanda wa kiunoni tu.

Sasa tutazame sheria, maana wasomaji wetu wengine ndio wanaozisimamia. Uingereza tangu 2006 inataka kila mtoto atumie kiti au kikalio chake mpaka atimize miaka 12 au kimo cha sentimita 135, lolote litangulialo. Afrika Kusini mwaka 2015 ililazimisha kiti maalumu kwa watoto walio chini ya miaka mitatu. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, iliyotungwa 1973, kwa muda mrefu ilishughulika na mkanda wa dereva na wa abiria wa kiti cha mbele, ikakaa kimya juu ya kiti cha mtoto. Tunaona basi kwamba hata pale ambapo nchi za Kiafrika zimeamka, zimemwamkia mtoto mchanga. Mtoto wa shule ameanguka katikati: amekwisha kuwa mkubwa kwa kiti cha mtoto, na hajawa mkubwa kwa mkanda wa baba yake.

Na tunapoiga sheria za Ulaya tuangalie tunaiga nini. Umri ni kipimo cha mashaka kwetu. Uchunguzi wa afya ya jamii uliofanywa Malawi mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba asilimia 37 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa kwa lishe duni. Mtoto aliyekula vizuri hufikia sentimita 135 akiwa na miaka tisa na nusu hivi. Aliyedumaa huweza kuwa na miaka kumi na mmoja na bado hajafika. Askari wa barabarani akiuliza umri, mzazi atajibu apendavyo, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mkimbizi pengine kilibaki katika nyumba iliyochomwa moto. Kimo hakidanganyi. Fimbo ya sentimita 135 ikiwekwa kwenye kila kizuizi cha polisi itamaliza ubishi kwa gharama ya kipande cha mti na rangi kidogo.

Wapo wasemao kwamba mikanda katika mabasi ya abiria ni ndoto. Kenya ilijaribu. Mwaka 2003 Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, alitoa kanuni za kuwekwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mikanda kwa kila kiti cha matatu, na zilipoanza kutumika Februari 2004 magari mengi yaliondolewa barabarani, watu wakatembea kwa miguu Nairobi nzima, wakanung'unika. Lakini mikanda ikafungwa. Baadaye msimamo ulilegea. Mikanda ikachafuka, abiria wakakataa kuigusa kwa kuogopa kuharibu nguo, na utingo akawa anawakumbusha watu pale tu anapoona kofia za polisi mbele. Fundisho tulipatalo ni la kiaskari kabisa: amri iliyotolewa na isikaguliwe hufa, na haifi kwa sababu watu ni wabaya.

Tuseme kweli kuhusu ukaguzi wetu. Askari akisimamisha gari, iwe Lilongwe au Dodoma, hutazama kifua cha dereva. Dereva hulijua hilo, ndiyo maana wengine huutandaza mkanda kifuani bila hata kuuchomeka. Mlango wa nyuma haufunguliwi. Huko nyuma, katika gari la mtu mwenye uwezo atokaye mitaa ya Lilongwe inayoitwa kwa namba, Area 10 au Area 43, mikanda ipo, imefukiwa chini ya vitambaa vya viti, na watoto wa shule wamesimama baina ya viti vya mbele wakimwonyesha baba daftari. Hawa hawana udhuru wa umaskini. Kuwabana hao kwanza ni haki zaidi, na ni rahisi zaidi, kuliko kumtoza faini mama wa Dzaleka aliyepanda matola kwa kuwa hakuna kingine.

Yapo pia magari yetu wenyewe. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara katika miji warudi Dzaleka, na Mei mwaka huo polisi pamoja na askari wa jeshi wakaanza kuwakusanya mjini Lilongwe. Hatuingii katika ubishi juu ya amri hiyo. Una mahali pake na wenyewe. Tunaloliona sisi ni kwamba miongoni mwa waliokusanywa walikuwamo watoto waliotolewa katikati ya masomo, wakasafirishwa kwa magari ambayo hawakuyachagua. Mtu anayepandishwa gari kwa amri ya dola amekabidhiwa kwa dola tangu anapoweka mguu kwenye ngazi mpaka anaposhuka. Kwa raia mzima tunalijua hilo. Kwa mtoto wa miaka minane linataka maandalizi: basi lenye viti badala ya lori, kiti kimoja kwa kila mtoto, mkanda uliopo ufungwe, na mwendo uteremshwe. Kazi kama hizo zitatokea tena, Malawi au kwingineko, na afisa usafirishaji ndiye atakayeulizwa.

Tena hatuhitaji kwenda Malawi. Katika kambi moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja, tumeona lori la jeshi likiwapeleka watoto wa askari shuleni asubuhi: wengine wamekaa juu ya mabenchi yaliyoelekea pembeni, wengine wamesimama wakishikilia vyuma vya turubai, wakiimba. Dereva, kijana hodari, alikuwa amefunga mkanda wake barabara. Hakuna aliyevunja agizo lolote, maana agizo halikuwapo. Sisi nasi tuliangalia, tukawapungia mkono, tukaingia ofisini. Ilikuwa baada ya Mei 2017, wakati nchi nzima ilikuwa imekwisha kulia kwa ajili ya wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha, ambao basi lao lilitumbukia korongoni huko Karatu. Mazungumzo mengi ya siku zile, tunavyokumbuka, yalihusu mwendo, leseni na idadi ya abiria, na ilikuwa haki iwe hivyo, kwa kuwa mkanda haufuti kosa la usukani. Lakini namna mtoto anavyoketi na anavyofungwa haikupata nafasi yake.

Mambo yanayowezekana sasa, kabla ya sheria mpya na kabla ya fedha, ni haya tuyaonayo. Makamanda wa kambi na wa kota za polisi wanaweza kutoa agizo la kudumu kwamba lori halichukui mtoto wa shule. Kama hakuna basi, watoto wakienda kwa zamu katika gari dogo lenye mikanda, wachelewe dakika ishirini. Mtoto asikae kiti cha mbele, hasa penye mfuko wa hewa, wala wawili wasifungwe mkanda mmoja. Karakana za jeshi zina maseremala na mafundi hodari, ila tunawatahadharisha wasijitengenezee vikalio kwa kubahatisha: kipo kipimo cha kimataifa, na kikalio kinachopasuka kwenye ajali ni hatari nyingine. Vinunuliwe vilivyopimwa, vichache, vigawiwe kwa zamu kama vifaa vingine vya ghala. Na ile mikanda iliyofukiwa chini ya vitambaa vya viti vya Land Cruiser za serikali ifukuliwe. Kazi hiyo inamhitaji dereva mmoja kwa robo saa.

Kwa upande wa Dzaleka, lililo jepesi kuliko yote ni kubadili kanuni ya nauli, mtoto aliyevuka miaka mitano awe na kiti chake kwa nusu ya bei na asipakatwe. Wenye mabasi watapinga, maana kiti cha nusu nauli ni hasara, na hapo itabidi serikali au mashirika yanayohudumia kambi yajazie nusu iliyobaki, angalau kwa safari za hospitali na za shule. Halafu kuna lugha. Tangazo la Kichewa na la Kiingereza linamfikia mtu wa Lilongwe. Mama aliyewasili juzi kutoka Fizi halimfikii. Kambini ipo redio ya jamii, Yetu, inayotangaza kwa lugha za wakimbizi, Kiswahili kikiwamo. Maofisa uhusiano wa polisi ya Malawi wangeweza kuanzia hapo, wakaeleza kwa dakika tano ile hesabu ya magunia saba, na kwamba mkanda wa chini hulala juu ya mapaja, wa juu hupita begani, na mgongo wa mtoto hugusa kiti.